Hesabu na Kodi za Meli Mombasa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa wahasibu wanaoanza kazi kwenye ofisi za mawakala wa meli, wa mawakala wa forodha, wa waagizaji mizigo, na wa mabaharia waliorudi nyumbani na dola mkononi wasijue KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, inadai nini. Maswali ni yale yale yanayozunguka kila siku kati ya Moi Avenue na lango la bandari. Viwango vya kodi hubadilika kila Sheria mpya ya Fedha ikipita, kwa hiyo hakikisha kiwango cha siku hiyo kabla ya kulipa.

Utaona majibu mengi yanarudi kwenye swali moja: fedha hii ni ya nani? Kwa uzoefu wangu, hesabu nyingi za meli zinazoharibika hapa Mombasa huharibikia hapo, kabla hata ya kufika kwenye hesabu ya kodi.

Kwa nini meli iwe na uhasibu wake? Si biashara kama nyingine?

Kanuni za uhasibu ni zile zile. Kinachotofautiana ni idadi ya watu walioshika kamba moja. Meli iliyofunga gati Kilindini leo yaweza kuwa na bendera ya Liberia, mwenyewe akawa Ugiriki, msimamizi wake Singapore, aliyeikodi Dubai, mabaharia Wafilipino na Wakenya, na shehena ya mfanyabiashara wa Kampala. Kila mmoja ana daftari lake na serikali yake inayomtazama. Bendera peke yake haikuambii kodi inalipwa wapi. Panama, Liberia na Visiwa vya Marshall zimesajili tani nyingi za meli kuliko nchi zote, lakini kodi ya mapato huangalia zaidi kampuni ni mkazi wa wapi, inasimamiwa kutoka wapi, na mzigo umepakiwa wapi.

Mwenye meli ametutumia dola 62,000 kabla meli haijafika. Tuandike ni mapato?

Hapana. Hizo ni fedha za mwenye meli zilizo mikononi mwako, na kwenye mizania yako ni deni.

Tuichukue hesabu moja ya matumizi ya bandari tuitazame kwa karibu. Wakala ametuma profoma, yaani makadirio ya gharama, ya dola 62,000 kwa ajili ya meli ya shehena kavu. Meli imekuja, imepakua, imeondoka. Ankara halisi zimerudi hivi: ada za bandari, yaani rubani, tagi za kuvuta na gati, dola 41,000, maji safi na uondoaji wa taka 2,600, fedha taslimu alizokabidhiwa nahodha kwa matumizi ya mabaharia 10,000, daktari na usafiri wa mabaharia wawili 1,400, ada ya wakala 4,000. Jumla ni dola 59,000. Zilizobaki, dola 3,000, ni za mwenye meli: atarudishiwa au zitasubiri safari ijayo.

Mapato yako hapo ni dola 4,000 tu. Ukiandika 62,000 umejipa mauzo zaidi ya mara kumi na tano ya ukweli, na maafisa wa kodi wakija kulinganisha fedha zilizoingia benki na ritani zako za VAT (kodi ya ongezeko la thamani), utakaa miezi ukieleza.

Ila kuwa wakala hakuthibitishwi kwa maneno. Ankara ya maji itolewe kwa jina la mwenye meli kupitia kwako, ukiwa umetajwa kuwa wakala. Umlipie kiasi kile kile kilichoandikwa, bila kuongeza hata senti. Ukinunua maji kwa jina lako kwa dola 2,000 ukamtoza 2,600, basi umeuza maji: dola 2,600 ni mapato yako, 2,000 ni gharama yako, na sheria ya VAT inakutazama kama muuzaji. Mimi hushauri kila ofisi iwe na akaunti ya benki ya fedha za wenye meli peke yake, na mshahara wa mfanyakazi usitoke humo hata siku moja.

Na hiyo ada ya dola 4,000, inatozwa VAT?

Hapa ndipo penye ubishi. Kiwango cha kawaida ni asilimia 16, na kampuni ikifikisha mauzo ya shilingi milioni 5 kwa mwaka lazima ijiandikishe. Vifaa na vyakula vinavyouzwa kwa meli iliyo kwenye safari ya kimataifa ni kiwango cha sifuri, na huduma kwa mizigo inayopita kwenda nchi jirani vilevile. Huduma zinazouzwa nje ya nchi nazo zimewekwa kwenye kiwango cha sifuri tangu 2023.

Wakala husema: mteja wangu yuko Copenhagen, ananilipa kutoka huko, kwa hiyo nimeuza huduma nje. Mtoza kodi husema: meli ilihudumiwa Kilindini, huduma imetumika hapa hapa. Kila upande una hoja, na jibu hutegemea mkataba unasema umefanya nini na kwa faida ya nani. Usikimbilie sifuri kwa sababu jirani amefanya hivyo. Kuwa na mkataba wa maandishi, ushahidi wa malipo kutoka nje, na kama kiasi ni kikubwa, mwandikie Kamishna wa KRA umwombe uamuzi rasmi juu ya suala lako. Sheria ya taratibu za kodi inakupa haki hiyo, na ni wachache wanaoitumia.

Kampuni ya meli ya nje hulipa kodi gani Kenya?

Sheria ya Kodi ya Mapato inamtoza mwenye meli au mkodi asiye mkazi asilimia 2.5 ya mapato ghafi ya kubeba abiria, barua au shehena iliyopakiwa hapa Kenya. Ni ghafi: hakuna kutoa mafuta, mishahara wala uchakavu wa meli.

Neno la kushika ni kupakiwa. Kontena la chai ya mnada wa Mombasa linalokwenda Karachi kwa nauli ya dola 1,500 lina kodi ya dola 37.50. Kontena la vitambaa lililopakiwa Shanghai na kushushwa Kipevu halimo kwenye kodi hiyo, ingawa nauli yake huenda imelipwa papa hapa mjini kwenye ofisi ya wakala. Mhasibu asiyetenganisha nauli za kutoka na nauli za kuingia atalipa kodi isiyodaiwa au ataficha inayodaiwa bila kukusudia. Mzigo ulioletwa ili uhamishiwe meli nyingine tu nao haumo.

Kwa nini basi kampuni nyingine hazilipi hiyo asilimia 2.5 yote?

Kwa sababu ya mikataba ya kuzuia kodi mara mbili. Desturi ya kimataifa, iliyo katika kifungu cha 8 cha mkataba wa mfano wa OECD, jumuiya ya nchi zilizoendelea kiuchumi, ni kwamba faida ya meli za safari za kimataifa hutozwa na nchi moja tu, ile ya kampuni. Chanzo chake ni cha kimaisha: meli inayogusa bandari kumi kwa mwezi ikigawanyiwa faida na nchi kumi, kila moja kwa kanuni zake, hakuna mhasibu atakayemaliza kazi hiyo.

Mkataba wa mfano wa Umoja wa Mataifa una njia ya pili, inayoiruhusu nchi ya bandari kupata sehemu yake ikiwa meli huja mara kwa mara. Ninaiunga mkono njia hiyo. Nchi kama yetu, ambayo bidhaa zake hubebwa karibu zote na meli za wengine, ikikubali kutotoza chochote huwa imeachia mapato yasiyofidiwa na chochote, kwa sababu haina kundi la meli zake huko kwa wenzake.

Kenya ina mikataba na nchi kadhaa zenye meli, zikiwemo Denmark, Uingereza, Ujerumani, Ufaransa, Norway na India. Isome yenyewe, kifungu cha meli, neno kwa neno, kwa sababu haifanani. Na unafuu haujileti: kampuni inatakiwa iwe na cheti cha ukazi kutoka mamlaka ya kodi ya kwao.

Mwenye meli asipolipa, mimi wakala nitaulizwa?

Utaulizwa. Wewe ndiwe uliye karibu na unayefahamika. Sheria inamruhusu Kamishna kuagiza meli isipewe kibali cha kuondoka bandarini hadi kodi ya mwenyewe au mkodi ilipwe au mpango wa kuilipa ukubaliwe. Meli iliyozuiliwa siku moja humgharimu mwenyewe maelfu ya dola, naye atakutazama wewe. Kwenye mkataba wa uwakala andika wazi kwamba kodi ya nauli za kutoka inakatwa kwanza, ndipo salio litumwe ng'ambo.

Naagiza bidhaa. Nauli ya meli inaingiaje kwenye ushuru wangu wa forodha?

Inaingia yote, na hili waagizaji wengi hawalipigii hesabu hadi wameshaumia.

Sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004 inathamini mzigo wa baharini kwa CIF: bei ya bidhaa, bima na nauli hadi bandarini. Tuseme umenunua bidhaa za dola 20,000, nauli ni dola 3,000 na bima 200. Thamani ya forodha ni dola 23,200. Kwa hesabu nyepesi dola ichukuliwe ni shilingi 130, basi ni shilingi 3,016,000. Kama bidhaa iko kwenye ushuru wa asilimia 25, utalipa 754,000. Ada ya tamko la uagizaji ya asilimia 2.5 ni 75,400. Tozo ya reli ya asilimia 2 ni 60,320. VAT ya asilimia 16 huhesabiwa juu ya thamani pamoja na ushuru, yaani juu ya 3,770,000, ikawa 603,200. Jumla ni shilingi 1,492,920.

Ukiigawa jumla hiyo kwa thamani ya forodha unapata asilimia 49.5. Maana yake kila shilingi mia ya nauli imevuta karibu shilingi hamsini za kodi. Nauli yako ya dola 3,000 peke yake imekuletea kodi ya shilingi 193,050. Ndiyo maana mashambulizi ya Bahari ya Shamu yaliyoanza mwishoni mwa 2023, yaliyozilazimu meli za Ulaya kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, yaliwagonga waagizaji mara mbili: nauli ilipanda, na ushuru ukapanda nayo ingawa bei kiwandani haikusogea.

Kwa daftari lako: ikiwa umejiandikisha VAT, zile 603,200 si gharama, utazidai kwenye ritani ndani ya miezi sita. Gharama ya bidhaa ghalani ni 3,905,720. Nimeona duka limepanga bei kwa kujumlisha VAT kwenye gharama, kisha likaiongeza tena wakati wa kuuza, halafu likashangaa wateja wamehamia kwa jirani.

Bima ya shehena inatakiwa kununuliwa kwa kampuni za hapa nchini. Amri hiyo imesimamiwa tangu 2017. Na kwa faida ya anayelinganisha: mzigo wa ndege hauongezewi nauli kwenye thamani ya forodha. Bidhaa ndogo yenye ushuru mkubwa, ipigie hesabu zote mbili kabla ya kuagiza.

Mzigo wa Kampala au Kigali unalipiwa kodi Mombasa?

Kodi za Kenya, hapana. Chini ya mfumo wa eneo moja la forodha ulioanza 2014, mzigo wa Uganda hulipiwa kodi zake Uganda kabla ya kutoka bandarini, kisha husafiri chini ya dhamana. Hatari yako ni pale mzigo usipofika: dhamana itadaiwa, na aliyeiweka sahihi ni wakala wa forodha.

Dimareji ni kodi?

Si kodi, na si ada ya bandari pia. Watu huchanganya mambo mawili. Ada ya kuhifadhi ni ya bandari au ya depo ya kontena, kwa sababu mzigo wako umechukua nafasi yao. Dimareji ni ya kampuni ya meli, kwa sababu umekaa na kontena lao kupita siku mlizokubaliana. Unaweza kudaiwa zote mbili kwa siku ile ile.

Kodi inaingia hivi: tangu Sheria ya Fedha ya 2018, dimareji anayolipwa mwenye meli asiye mkazi ina kodi ya zuio, ile inayokatwa kabla ya malipo kutolewa, ya asilimia 20. Kodi ya zuio sasa huwasilishwa ndani ya siku tano za kazi tangu ilipokatwa, si mwezi ujao kama wengi walivyozoea. Wakala anayekusanya dimareji kwa niaba ya kampuni ya nje aitenge kwenye leja yake mbali na nauli, maana moja ni asilimia 2.5 na nyingine ni 20. Na mara nyingine tena: fedha hiyo si yako.

Amana ya kontena nayo ni ya mwagizaji mpaka kontena lirudi na hesabu ifungwe. Naona uchungu kila ninapokutana na mfanyabiashara mdogo wa Kongowea ambaye amana yake imekaa miezi kwa wakala kwa kisingizio cha karatasi. Mwagizaji, rudisha kontena, chukua risiti ya depo siku hiyo hiyo, na dai kwa barua.

Tuweke hesabu kwa dola au kwa shilingi?

Kiwango cha kimataifa cha uhasibu IAS 21 kinauliza biashara yako inaishi kwa sarafu gani: unatoza kwa ipi, unalipa kwa ipi. Kampuni ya meli karibu daima jibu ni dola. Wakala anayelipwa ada kwa dola lakini analipa mishahara, kodi ya nyumba na umeme kwa shilingi lazima apime kwa makini. Ritani ya KRA, hata hivyo, ni ya shilingi.

Mwanzo wa 2024 dola ilifika karibu shilingi 160, na kufikia katikati ya mwaka huo ilikuwa imeshuka hadi karibu 129. Wakala aliyeshika dola 100,000 kwa miezi hiyo aliona zaidi ya shilingi milioni tatu zikiyeyuka kwenye vitabu. Sasa uliza ni dola za nani. Kama ni za mwenye meli, deni lako kwake nalo ni la dola, limeshuka kwa kiasi kile kile, na huna hasara ya kudai. Kama ni ada zako ulizokuwa hujazibadilisha, hasara ni yako. Kwa kodi ya mapato, faida au hasara ya kubadilisha fedha huhesabiwa pale inapotimia kweli, si inapoonekana kwenye karatasi tarehe 31 Desemba. Tenganisha hizo mbili kwenye leja tangu mwanzo wa mwaka.

Nasikia Uingereza na Uholanzi meli hulipa kodi kwa ukubwa wake. Ni kweli?

Ni kweli. Inaitwa kodi ya tani. Ugiriki ilitangulia, Uholanzi ikaanza 1996, Uingereza 2000, India 2004. Badala ya kuhesabu faida halisi, serikali hukadiria faida kwa tani za meli na siku za mwaka.

Uingereza, kwa kila tani 100 halisi kwa siku, ni senti 60 za pauni kwa tani 1,000 za kwanza, senti 45 hadi 10,000, senti 30 hadi 25,000, na senti 15 zinazozidi hapo. Meli ya tani 20,000 inapata pauni 6 jumlisha 40.50 jumlisha 30, yaani pauni 76.50 kwa siku, kama pauni 27,900 kwa mwaka. Kodi ya kampuni ya asilimia 25 juu ya hizo haifiki pauni 7,000. Meli hiyo yaweza kuwa imepata faida ya mamilioni, au hasara. Kodi ni ile ile. Kampuni ikiingia hujifunga miaka minane na hutakiwa kusomesha mabaharia.

Hilo la kusomesha ndilo ningependa wabunge wetu walisome, maana vijana wanaomaliza Bandari Maritime Academy wanahitaji meli ya kufanyia mafunzo kuliko wanavyohitaji cheti kingine. Kenya hutumia njia tofauti: kampuni mkazi hutozwa asilimia 30 ya faida, na anayenunua meli hupewa nafuu ya uwekezaji ya asilimia 50 ya gharama mwaka wa kwanza, zilizobaki zikifuata miaka ya mbele.

Kwa mhasibu: kodi ya tani haitegemei faida, kwa hiyo haiandikwi chini ya kanuni za kodi ya mapato za IAS 12. Ni gharama ya uendeshaji.

Ile kodi ya kima cha chini cha asilimia 15 duniani kote inazigusa kampuni za meli?

Kwa sehemu. Inahusu makundi ya kampuni yenye mapato ya euro milioni 750 na kuendelea, na Kenya iliingiza ya kwake Desemba 2024. Mapato ya safari za meli za kimataifa yamewekwa kando, mradi usimamizi wa kweli wa meli uwe kwenye nchi inayodai unafuu huo. Mapato ya nchi kavu, kama maghala na malori, hayana kinga hiyo.

Meli iko katikati ya bahari tarehe 31 Desemba. Mapato ya safari ni ya mwaka upi?

Yagawanywe. Chini ya IFRS 15, kiwango cha uhasibu cha mapato kinachotumika tangu 2018, nauli hutambuliwa kadiri mzigo unavyosafirishwa, kuanzia kupakia hadi kupakua. Meli imepakia magadi Mombasa kwenda India kwa nauli ya dola 600,000, safari ni siku 20 tangu kupakia hadi kumaliza kupakua, na siku 8 zimepita mwaka ukifungwa: mapato ya mwaka huo ni dola 240,000. Zamani kampuni nyingi zilianza kuhesabu tangu meli ilipopakua shehena ya safari iliyotangulia, hata kama ilikuwa ikija tupu. Hilo halikubaliki tena, ingawa gharama za kuja tupu kwa ajili ya mkataba maalumu zaweza kuwekwa akiba na kutolewa pamoja na mapato yake.

Gharama za chelezo, pale meli inapotolewa majini ikaguliwe na kutengenezwa, tuzitoe mara moja?

Ukaguzi mkubwa wa meli ni wa kila miaka mitano, na ndani yake chini ya meli hukaguliwa mara mbili, zisipite miezi 36 kati ya mara moja na nyingine. IAS 16 inataka gharama hiyo iongezwe kwenye meli na kusambazwa hadi zamu ijayo. Dola 900,000 kwa miezi 30 ni dola 30,000 kwa mwezi. Ikiwa meli itapanda chelezo mapema kuliko ulivyotarajia, salio la zamani lote litolewe siku hiyo. Lakini usipenyeze matengenezo ya kawaida humo: balbu na rangi ya vyumba vya mabaharia hazingoji chelezo.

Kukodi meli kunaandikwaje?

Ukikodi kwa safari moja, umenunua huduma ya uchukuzi. Ukikodi kwa muda unaozidi miezi kumi na miwili, IFRS 16, kiwango cha uhasibu cha ukodishaji, inataka meli ionekane kwenye mizania yako pamoja na deni la malipo ya kuikodi, lakini uitenganishe sehemu ya mabaharia na uendeshaji, kwa sababu hiyo ni huduma. Ukikodi meli tupu na kuweka mabaharia wako, karibu yote ni ya kwenye mizania.

Mimi ni baharia. Wenzangu wanasema baharia halipi kodi. Ni sawa?

Si sawa kwa Mkenya mkazi. Uvumi huu una mizizi: Uingereza ina unafuu wake wa mabaharia, na mwenzako Mhindi akikaa nje ya India siku za kutosha huhesabiwa si mkazi. Sheria yetu inasema vingine. Ukiwa na makao ya kudumu Kenya na umeyakanyaga hata siku moja ndani ya mwaka, wewe ni mkazi, na mshahara wa mkazi hutozwa kodi ukiwa umepatikana ndani au nje ya nchi. Mwenye nyumba na familia Kisauni anayerudi kila baada ya miezi sita yumo.

Ukiwa raia na ulishakatwa kodi ya mshahara huo nchi nyingine, unaweza kupunguziwa hapa kwa kiasi hicho, ukiwa na ushahidi. Ritani ni kufikia tarehe 30 Juni. Anayekaa miaka bila kufaili hushtukia siku anapoombwa cheti cha kutodaiwa kodi.

Ushahidi wenyewe una haki ya kuudai. Mkataba wa kazi za mabaharia wa 2006, ambao Kenya iliuridhia 2014, unamlazimu mwajiri akulipe angalau kila mwezi na akupe hesabu ya kila mwezi: unachostahili kulipwa, ulicholipwa, na kiwango cha kubadilisha fedha kilichotumika. Ikiwa sehemu ilitumwa kwa mama au mke, nayo ionekane. Piga picha kila karatasi kabla hujashuka ngazi ya meli, kwa sababu baada ya mkataba kuisha ofisi iliyokuajiri hujibu polepole mno.

Natuma parachichi Rotterdam. Kwenye ankara kuna tozo ya kaboni. Ni ya serikali gani?

Si ya Kenya. Tangu 2024 Umoja wa Ulaya unazitaka meli kubwa zinunue vibali vya hewa chafu zinazotoa. Kwa safari kati ya Ulaya na bandari ya nje inahesabiwa nusu ya hewa hiyo. Wajibu uliwekwa kupanda: asilimia 40 kwa hewa ya 2024, 70 kwa 2025, na yote kuanzia 2026. Kampuni ya meli huipeleka gharama kwako. Kwa kodi ya Kenya ya asilimia 2.5 naiona ni sehemu ya malipo ya uchukuzi, kwa kuwa analipwa mchukuzi kwa kubeba mzigo uliopakiwa hapa. Kwako msafirishaji ni gharama ya kuuza. Omba ionyeshwe kwenye mstari wake.

Nyaraka zihifadhiwe muda gani, na kwa lugha gani?

Miaka mitano, kwa Kiingereza au Kiswahili. Sheria inakubali zote mbili. Kwa kila meli weka jalada moja: profoma, ankara zote, manifesti (orodha ya shehena yote ya meli), hati za shehena, stakabadhi ya nahodha yenye sahihi na muhuri wa meli, na hesabu ya mwisho aliyoikubali mwenye meli. Tangu Januari 2024, matumizi mengi ya ndani ya nchi yasiyo na ankara ya eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa KRA, hayakubaliwi kupunguza kodi, kwa hiyo hata safari ya mwenye boti aliyewapeleka wafanyakazi wako nje kwenye meli iwe na ankara hiyo, hata kama ni shilingi elfu tano.